Jina Nililomkataza Mwanangu

Siku ninayoikumbuka kuliko hata ile ya ndoa yangu, mwanangu, ni Jumapili moja huko Mangina, mashariki ya Kongo. Misa ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nyuma ya nyumba, nimeinama juu ya chungu cha sombe, yale majani ya mihogo, moshi machoni, mtoto mchanga mgongoni, na wageni wa baba mkwe wangu walikuwa wamekaa barazani wakingoja chakula. Hakuna aliyekufa siku hiyo. Vita vilikuwa bado mbali nasi. Lakini nikihesabu mambo niliyoyafanya maishani na ambayo ningelipa chochote kuyafuta, lile la Jumapili ile ndilo la kwanza.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilizaliwa Lubero, kwenye baridi na viazi, nikasoma mpaka mwaka wa sita wa shule ya msingi, kisha nikaolewa Mangina, kwenye joto na mihogo. Nilikuwa mtu wa haya. Mtu mzima akinisalimu nilijibu nikitazama miguu yangu. Mama mkwe wangu aliipenda haya hiyo, akawaambia majirani kwamba mwanawe ameleta nyumbani mke ambaye sauti yake haisikiki. Nami kwa kuwa nilisifiwa kwa kunyamaza, nikazidi kunyamaza.

Nilikuwa na watoto watatu. Wewe ninayekuita mwanangu kwa umri tu umezaliwa mjini, kwa hiyo niruhusu nikueleze jambo ambalo pengine hukuliwaza sana. Kwetu sisi Wanande jina la kwanza la mtoto halichaguliwi. Linamngoja tu. Mvulana wa kwanza mara nyingi ni Paluku, wa pili ni Kambale, na msichana wa kwanza ni Masika. Hao ndio waliokuwa wangu: Paluku wa miaka sita, Kambale wa miaka minne, na Masika aliyekuwa bado ananyonya. Mimi mwenyewe tangu nijifungue wa kwanza niliitwa Mama Paluku. Jina langu, Kavira, lilibaki Lubero na wazazi wangu. Watoto wangu hawakuwahi kulisikia.

Kambale alikuwa na jina la ubatizo pia, Fideli. Lakini Fideli aliishi kwenye karatasi, na karatasi iliishi kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nyumbani hakuna aliyemwita hivyo. Ukimwita Fideli, aligeuka kutazama nyuma yake nani anaitwa.

Nikuambie alivyokuwa, maana watu wakisimulia juu ya vita husahau kusema watoto walivyokuwa. Alilala akiwa amepiga magoti, makalio juu, kama anayesujudu. Alizungumza na kuku, akawapa pole wakinyeshewa. Nikimwogesha kwenye beseni, nikigeuka tu kuchukua kitambaa, alikimbia uchi na povu la sabuni mwili mzima mpaka kwa jirani, na jirani akaniita kwa kicheko, "Mama Paluku, kuya utwae samaki yako, imeruka!" Alikula udongo wa ukutani, nikapaka ukuta samadi ya ng'ombe, akala pembeni pasipopakwa. Nilichoka naye kila siku na nilicheka kila siku.

Na alimpenda baba yake kupita kiasi. Mume wangu alifanya kazi ya kupeleka mafuta ya ngazi, yaani mawese, Butembo kwa baiskeli, ile tunayoiita kinga. Alifunga bidoni nne, madumu makubwa, mbili kila upande, akaisukuma kwenye milima na kuipanda kwenye miteremko. Jina lake lilikuwa Katembo Sivihwa, lakini njia nzima, kuanzia Mangina mpaka Beni, na kuanzia Beni mpaka Butembo, walimwita Sivihwa tu. Akikaribia nyumbani, Kambale aliwasikia watu wa vibanda wakipiga kelele: "Sivihwa! Sivihwa, umetuletea chumvi?" Kwa masikio ya mtoto, hiyo ilikuwa sauti ya baba anarudi. Hakuna sauti nyingine iliyomfurahisha hivyo.

Basi Jumapili ile chakula kilikuwa tayari. Wazee walikuwa barazani wakizungumza juu ya mpaka wa shamba, mume wangu akiwa amekaa kwa heshima mwishoni mwa benchi. Kambale akasimama mlangoni, mikono kiunoni kama mwenye kibanda, akaita kwa nguvu zake zote:

"Sivihwa! Eh, Sivihwa! Kuya kula, bugali itapoa!"

Wazee walicheka mpaka mmoja akamwaga kileo chake. Mume wangu alicheka pia. Mimi niliyekuwa nimebeba sahani nilitamani ardhi inimeze. Na mama mkwe wangu hakucheka.

"Mama Paluku," alisema, taratibu, ili kila mtu asikie. "Njo vile unalea batoto hapa kwangu? Anaita baba yake sawa vile anaita mbuzi?"

"Acha, mama, ni mutoto," alisema mzee mmoja.

"Mutoto njo anakuwaka mutu. Hapa kwetu mutoto hapana kutaja jina ya baba yake. Kama kule Lubero banafanyaka vile, sijue."

Neno hilo la Lubero lilinichoma. Nilikuwa nimetukanwa mimi, mama yangu, na kilima changu chote. Nilimshika Kambale mkono, nikampeleka nyuma ya jiko. Sikumpiga sana. Nilichukua pilipili mbichi moja, ile ndogo nyekundu, nikaipasua kwa ukucha, nikampaka midomoni. Nikamwambia, "Jina ya baba hapana kusema. Ukisema tena, pilipili. Umesikia? Fungia mudomo." Nikauchukua mkono wake mwenyewe, nikauweka juu ya mdomo wake, nikaubana pale.

Alilia mpaka akakosa sauti. Barazani waliendelea kula.

Jioni mume wangu alikuta midomo ya mtoto imevimba. Akaniuliza, "Nani alimupaka pilipili?"

"Ni mimi."

"Juu ya nini?"

"Aliita jina yako mbele ya bageni. Mama yako alisikia haya."

Akampakata mtoto magotini mwake. Kisha akasema, "Mama yangu atapoa. Jina yangu iko na miiba? Batu ba njiani, hata sibajue, bananiita. Na mutoto yangu mwenyewe, hapana? Acha aite."

Moyoni nilisema mwanamume hajui uzito wa macho ya mama mkwe, kwa kuwa yeye macho hayo hayamtazami. Hayo ndiyo maonyo niliyopewa, mwanangu, na nilipewa na mtu aliyekuwa na haki kabisa ya kuyatoa, maana jina lilikuwa lake. Niliyaacha yapite.

Somo la pilipili lilishika. Tangu siku ile, mtu akimuuliza Kambale "baba yako anaitwa nani?", aliinua kiganja na kufunika mdomo, macho makubwa yakikutazama juu ya vidole. Wageni walipiga makofi. Walimuuliza makusudi ili aonyeshe. Mama mkwe wangu aliwaita hata watu waliokuwa wakipita, "Muulize, muulize baba yake ni nani!" Kisha akanipa kuku jike, akasema sasa naanza kuwa mama. Kuku yule nilimpokea kwa mikono miwili. Nilijivuna. Nakuambia ukweli wote, ili usidhani nilikuwa mama mwenye kuonewa tu. Nilipenda kusifiwa kwa mtoto mwenye adabu.

Miezi michache baadaye vita vilifika. Vita vilikuwa vingi miaka ile na vikosi vilibadilisha majina, nami sitayataja, maana kwetu sisi tuliokimbia vyote vilikuwa na mlio mmoja. Wakwe zangu walikuwa wamekwenda Kayna kwenye kilio. Mume wangu alikuwa ameondoka Jumatatu na bidoni zake kwenda Butembo. Alhamisi asubuhi tulisikia risasi upande wa magharibi, kisha karibu, kisha watu wakaanza kupita mbele ya nyumba bila kusalimia. Watu wa kwetu wakipita bila kusalimia, ujue jambo limeharibika.

Nilimfunga Masika mgongoni kwa kikwembe. Nikaweka beseni kichwani, ndani unga, sufuria na nguo. Paluku alibeba mkeka. Kambale nilimshika mkono. Sanduku la bati lilikuwa zito, nikaliacha.

Njia ya kwenda Beni ilijaa. Mbuzi, wagonjwa waliobebwa kwenye viti, godoro juu ya kichwa cha mtu usiyeona uso wake. Kambale alitembea vizuri saa za kwanza. Aliniuliza kama tunakwenda kumfuata baba, nikasema ndiyo, na hapo akaongeza mwendo. Mchana tulifika kwenye daraja la miti. Askari walikuwa wamesimama pale, wanapitisha watu wachache wachache, wakifoka kwa Lingala twende upesi, "Noki! Noki! Kende!" Nyuma yetu risasi zililia tena. Watu wote wakasukuma kwa pamoja.

Kikwembe kilifunguka. Nilimhisi Masika anateleza kuelekea kiunoni. Nikamwachia Kambale mkono ili nimkamate mtoto, beseni likaanguka, nikainama, nikafunga fundo, nikanyoosha mkono chini pale alipokuwa amesimama. Hakuwepo. Muda wote huo haukuzidi ule wa kusema Salamu Maria moja.

"Kambale!" nikaita. "Kambale! Kambale!"

Watoto wakageuka. Si mmoja. Huku mmoja, kule wawili, mwingine juu ya mabega ya mwanamume. Mama mmoja akanijibu kwa hasira ya uchovu, "Huyu ni wangu, mama, angalia wako!" Mtoto anayejua jina lake anageuka akiitwa. Ila walikuwa wengi, na watu walikuwa wakipita kati yetu kama maji, na kila mama aliita jina lilelile au la ndugu yake. Askari mmoja alinisukuma kwa kitako cha bunduki. Nikavuka daraja bila mwanangu.

Upande wa pili nilikaa mpaka jioni nikitazama kila mtoto anayevuka. Paluku alilia akisema mkeka ni mzito, kumbe hakuwa analilia mkeka.

Beni tulilala darasani, familia tisa chumba kimoja. Nilizunguka makanisa, masoko, kila uwanja. Siku ya tano mume wangu alitukuta. Alipopata habari kule Butembo alikuwa ameiuza kinga yake kwa kupewa nafasi kwenye gari la kuja Beni, maana alitaka kufika upesi. Nilimwambia. Kisha akauliza nguo gani alikuwa amevaa, nikamwambia, sweta ya kijani iliyotoboka kiwiko.

Tulitafuta sote wawili kwa wiki tatu, ndipo tukasikia kwamba kamio moja, lori la wafanyabiashara, lilikuwa limewaokota watoto waliopotezana na wazazi wao njiani, likawapeleka Butembo, kwenye parokia moja ambapo masista, wale tunaowaita masera, walikuwa wakiwatunza. Lakini wengine walisema kuna watoto waliorudi Mangina na majirani. Tukagawana. Yeye akarudi njia ya Mangina. Mimi nikaenda Butembo kwa miguu na wawili waliobaki. Tulitumia siku mbili.

Masera aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mikono yake imechubuka kwa kufua. Alikaa nyuma ya meza ndogo uani, na daftari la shule mbele yake. Nyuma yake watoto walikuwa wakila maharagi, nami niliwatazama mmoja mmoja kabla sijakaa. Hakuwepo.

"Unatafuta nani, mama?"

"Kambale."

Alifumba macho kidogo. "Mama, hapa ba Kambale balipita kumi na moja. Ana myaka ngapi?"

"Mine. Alitoka Mangina."

"Bote balitoka Mangina. Wewe ni mama nani?"

"Mama Paluku."

"Mama Paluku." Aliandika, kisha akaweka kalamu chini. "Batoto bote ba Kambale banasema mama yake ni Mama Paluku ao Mama Masika, na kaka yake ni Paluku. Ni kweli, lakini haitusaidie. Baba yake?"

"Baba Paluku."

"Jina, mama. Jina yake ya kweli."

Mwanangu, hata pale nilisita. Tangu niolewe sikuwa nimewahi kulitamka jina la mume wangu mbele ya watu. Nililisema nikitazama miguu yangu. Hakusikia. Nikalisema tena. Akasema, "Ongeza sauti, batoto banapiga makelele." Nikapaza sauti uani pale, nikasema, "Sivihwa! Anaitwa Sivihwa!"

Masera akaniangalia.

"Sivihwa wa mafuta? Wa kinga?"

"Ndiyo."

"Sivihwa anatuletea mafuta hapa kwa jikoni. Kila juma mbili. Alikuwa hapa ile Jumatano mbele ya kamio kufika." Akasimama, kisha akakaa tena. "Mpishi anamujua. Muzee wa mulango anamujua. Mimi ninamujua."

Nilifurahi. Kwa muda mfupi nilifurahi kabisa, nikadhani kujulikana huko kutanirudishia mtoto. Lakini uso wake haukuwa wa furaha. Akaniuliza polepole kama mtoto wangu alikuwa na tabia fulani. Akasema kulikuwa na mmoja, mdogo, mpole, aliyezungumza vizuri juu ya kuku na juu ya kaka yake. "Nilimuuliza baba yake anafanya kazi gani, akasema ananyonga kinga. Batu ngapi bananyonga kinga? Kisha nikamuuliza baba yako anaitwa nani. Akafunika mudomo na mukono. Vile." Akafanya. Alifanya vilevile, kiganja chote, macho juu ya vidole. "Kila siku nilimuuliza, kila siku akafunika. Nikafikiri meno inamuuma. Nilimufungua mudomo, nikaangalia meno na ulimi kwa taa, kama kuko kidonda. Hakukuwa kitu."

Masika alikuwa akinyonya, nami sikuhisi.

"Alikuwa na sweta ya kijani?" nikauliza.

"Ndiyo, mama."

Wakati ule surua ilikuwa imeingia kati ya watoto wale. Ilimuua mwanangu katika wiki ya tatu tangu afike. Mimi nilikuwa bado Beni. Masera aliniambia kwamba kama wangemjua ni wa Sivihwa, wangempeleka siku ileile kwa mwenye nyumba ambaye mume wangu hulala kwake akiwa Butembo, nyumba ya tatu kutoka parokia. Angekaa huko mbali na wagonjwa. Hakunilaumu alipokuwa akisema hayo. Alijilaumu mwenyewe. Alidhani kuna namna nyingine ya kuuliza ambayo hakuijua. Nilimwacha adhani hivyo kwa dakika chache, na hilo pia ni kosa langu. Kisha nikamwambia habari ya pilipili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono.

Akanipeleka makaburini, nyuma ya shamba la kabichi la parokia. Kulikuwa na misalaba midogo ya mti, michache. Miwili ilikuwa mipya, na yote miwili ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyeusi: KAMBALE. Walizikwa siku moja. Mtu aliyewazika aliandika alichoambiwa. Masera hakuwa na hakika ni upi, wa kushoto au wa kulia. Aliomba radhi kwa hilo. Nikasimama katikati, Paluku akiwa ameshika nguo yangu. Nikapiga magoti kwanza upande huu, halafu upande ule, ili mwanangu asiseme mama amekuja asimsalimie.

Mume wangu alipofika siku tatu baadaye nilimpeleka pale. Nilijua atanikumbusha alichosema jioni ile na mtoto magotini. Hakusema. Alinunua nyundo, akaipigilia misalaba yote miwili vizuri zaidi ardhini. Laiti angenitukana.

Mama wa yule Kambale mwingine hakuwahi kuja. Kwa hiyo kwa miaka yote tuliyokaa Butembo nilipalilia makaburi mawili, na nikasali kwa ajili ya watoto wawili, na nikimwombea wangu nilimwombea na wa mwenzangu, popote alipo, kama yupo. Mama mkwe wangu alikuja mara moja. Alilia sana. Alisema, "Nilikupatia kuku." Hayo tu. Sikumchukia. Mkono ulioshika pilipili ulikuwa wangu.

Haikuishia hapo, maana wawili waliobaki walipaswa kulelewa, na mtu hapewi likizo ya kulea kwa sababu analia. Walihitaji kuogeshwa, kukatwa kucha, kufokewa. Kulikuwa na siku nilimkumbatia Paluku mpaka akaniambia namuumiza. Kulikuwa na siku sikuweza kumgusa. Jambo moja nililifanya bila kukosa. Kila asubuhi, kabla ya buyi, yaani uji, niliwakalisha wote wawili na kuwauliza: Wewe ni nani? Mama ni Kavira binti wa nani? Baba ni Katembo nani? Kilima gani? Nani anamjua baba yako Beni? Nani Butembo? Masika alipokuwa na miaka mitatu aliyasema yote kwa wimbo wake mwenyewe, huku akirukaruka. Baba yake aliyasikiliza kutoka nje akiwa anatengeneza cheni ya kinga mpya, na siku ya kwanza aliposikia jina lake linaimbwa na mtoto wake, aliacha kazi akaenda nyuma ya nyumba. Nilimwacha peke yake.

Sasa nisikilize, mwanangu, nikuambie wazi nililojifunza, usilazimike kulitafuta mwenyewe.

Mfundishe mtoto wako jina lako. Si Mama fulani. Jina lako, ulilopewa na wazazi wako. Mfundishe la baba yake, lote, na la ubatizo wake mwenyewe, alitumie mpaka aligeukie akiitwa. Mfundishe kilima, mtaa, na mtu mmoja katika kila mji anayewajua. Ulimi wa mtoto ndio karatasi pekee isiyobaki kwenye sanduku mkikimbia. Watakaokuambia kwamba huko ni kukosa adabu, wape chakula, waheshimu, kisha ufundishe tu.

Heshima ni kitu chema, na mimi sikuwahi kuidharau. Lakini jiulize unamfundisha mtoto heshima kwa ajili yake au kwa ajili ya watu walioko barazani. Mimi nilikuwa namwadhibu mwanangu kwa sababu mimi nilikuwa nimeaibishwa. Hasira ya mtu mzima aliyeaibika ikipitia kwa mtoto, mtoto haelewi sababu, anashika adhabu peke yake. Kambale wangu hakujua kwamba nilitaka asiseme mbele ya wageni tu. Alidhani nilitaka asiseme kamwe. Akanitii hivyo daima. Alinitii akiwa na homa, kati ya watu asiowajua, akiulizwa na mtu mwema aliyetaka kumsaidia. Jihadhari na mtoto mtiifu kuliko unavyojihadhari na mkaidi, maana mkaidi anayachuja maneno yako, na mtiifu anayabeba yote, hata yale uliyoyasema kwa hasira.

Na mume au mke wako, au yeyote nyumbani, akikuambia neno la upole juu ya mtoto, usilipite kwa sababu limesemwa kwa upole.

Ukiwa umekwisha kukosea, na utakosea, usingoje. Mwite mtoto leo, mwambie, "Nilikosea, sema jina, sema tena, sema kwa nguvu." Hata kama bibi yake anasikia. Mimi nilikuwa na miezi mizima ya kufanya hivyo, na kila siku nilipata makofi badala yake.

Mungu akupe watoto wanaopayuka. Akupe nyumba ambayo majina yake yanasikika mpaka barabarani, na njia zenye watu wanaouliza na kungoja jibu. Mikono yako isiachie mkono mdogo katika msongamano, na ikiachia, mtu mwema aushike, na mtoto wako afungue kinywa, aseme yeye ni wa nani, na aletwe kwako angali mzima.